Jiwe Lililorushwa Juu na Mtungi wa Mjane

Walimu wawili wa shule za vijijini wametuomba tueleze habari ya jambo lililotokea hapa kwetu wakati wa kubomolewa mnara wa kale wa kengele, kwa kuwa habari hiyo imefika kwao ikiwa imepinda. Basi tutaieleza kama tulivyoiona, kisha tutaeleza na sababu yake, maana sababu ndiyo iliyotugombanisha barazani siku tatu.

Mnara ule ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nao ulikuwa umepasuka toka juu hata katikati. Waashi wawili wakapanda juu ya jukwaa la miti, wakawa wanang'oa mawe moja moja na kuyatupa chini. Toka mkono wa mwashi hata ardhini palikuwa mita 12. Tulipima wenyewe kwa kamba na timazi. Mwashi wa kwanza alikuwa mtu wa hasira, na kila jiwe alilivurumisha moja kwa moja chini, likaangukia mguuni pa ukuta kwa kishindo. Msimamizi wa kazi akamkemea mbele ya watu, akamwuliza kama anataka kuua. Mwashi wa pili alikuwa mpole. Yeye aliyasukuma mawe mbele, sawasawa kama mtu asukumaye mlango, nayo yakaenda kuangukia mbali kidogo, yasifike mita 11 toka ukutani. Huyu alisifiwa. Msimamizi akafunga kamba yake kwenye mita 11 kamili, akasema kuwa nje ya kamba hiyo hapana hatari. Kisha akampigia kelele yule mpole, "Yarushe juu kidogo, bwana, yapate kupoa angani kabla hayajashuka!"

Mwashi akatii. Jiwe la tatu alilolirusha hivyo likapita juu ya kamba, likaangukia mtungi wa bibi mmoja mjane aliyekuwa akitoka kisimani. Alikuwa ameutua hatua moja tu nje ya kamba ili asokote ngata yake vizuri. Mtungi ukawa vigae, maji yakamwagika yote. Mjukuu wake, aliyekuwa ameketi kando ya mtungi huo, alikuwa amenyanyuka kitambo kidogo kumfuata kuku.

Bibi alipodai mtungi wake, mwashi akamjibu kwa adabu, "Mama, jiwe lile nililirusha juu, wala sikulitupa. Lilikuwa limekwisha nguvu. Nadhani mtungi wako ulikuwa na ufa tangu zamani." Msimamizi akaunga mkono maneno hayo. Bibi akasema, "Mwanangu, kama jiwe halikuwa na nguvu, na mtungi ni mkongwe, basi niambie hilo shimo lililoko ardhini lilichimbwa na nani?" Watu wakacheka, lakini shauri halikukatika. Neno la ufa lilimuuma kuliko hasara ya mtungi, maana lilimfanya mwongo mbele ya jirani zake.

Jioni ile barazani tuliketi kwa makundi matatu. Wengine walisema kuwa jiwe lililovurumishwa chini ndilo lipigalo kwa nguvu kupita yote, kwa sababu mtu ameisaidia dunia. Wengine wakasema la, lipigalo zaidi ni lile lililorushwa juu, kwa sababu limeanguka toka mahali parefu zaidi. Na wengine wakamtetea mwashi, kwamba jiwe lililokwenda mbele au juu limegawanya nguvu zake njiani, na likifika chini limechoka. Nasi hatufichi: tulikuwa kundi la kwanza, tukalishindania kwa sauti kubwa kuliko ilivyotupasa.

Ndipo mwalimu wa hesabu alipotuomba tuache maneno tukatafute uzi na misumari miwili. Aliyotuonyesha yamo katika kitabu cha Galileo, Mwitalia, kilichopigwa chapa katika mji wa Leiden mwaka 1638, naye mwandishi wakati huo ni mzee, kipofu, amezuiliwa nyumbani kwake Arcetri karibu na Florence. Kila nyumba yaweza kulifanya jaribio hili. Pigilia msumari ukutani, ufunge uzi wenye kijiwe mwishoni mwake, kining'inie kama timazi. Kisha piga mstari wa chokaa uliolala sawasawa, uvute kijiwe kando hata kifike kwenye mstari, ukiachie. Kitashuka, kitapita chini kabisa, kitapanda upande wa pili hata karibu na mstari ule ule. Hapo hakuna mtu ashangaaye. Sasa pigilia msumari wa pili chini ya ule wa kwanza, ili uzi ukifika katikati ushikwe, na kijiwe kilazimike kupanda kwa duara dogo, kwa njia ya mteremko mkali zaidi. Je, kitapanda wapi? Kitapanda hata kwenye mstari ule ule. Usogeze msumari juu au chini, ni vile vile (ila usiwe chini mno, uzi usije ukajizungushia msumari). Watoto walilifanya jaribio hili mara nyingi hata ukuta wa shule ukajaa matundu, jambo tutakaloulizwa siku moja.

Maana yake ni hii. Mwendo ambao kijiwe kinao kikiwa chini kabisa unatosha kukipandisha kimo kile kile kilichotoka, kikipewa njia ndefu au fupi, ya mviringo au ya mwinuko mkali. Njia haiulizwi. Kiulizwacho ni kimo tu. Mvuto wa dunia ni kama tajiri anayewalipa wapagazi kwa kimo cha mlima walioushuka, wala hajali kama mmoja alipita njia ya mbuzi na mwingine alizunguka kwa barabara. Tena tajiri huyu ni mwaminifu kwa pande zote mbili: anayepanda hutozwa kiasi kile kile atakacholipwa akishuka.

Tukatia jambo hili katika hesabu. Kitu kinachoanguka huongezewa na dunia mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde ipitayo. Hasa ni 9.8, lakini 10 yatosha kwa baraza. Kitu kikiachiwa tu toka mita 12, hufika chini baada ya sekunde moja na nusu na zaidi kidogo, kwa mwendo wa mita 15 na nusu kwa sekunde. Na kwa kuwa mawe yale ya kusukumwa mbele yaliangukia karibu mita 10.8 toka ukutani, tukajua kuwa yalitoka mkononi kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde. Tukawakubalia waashi wote wawili mwendo huo wa 7, tofauti ikiwa upande tu.

Tulianza na mwashi wa hasira. Jiwe lake latoka na mwendo wa 7 kwenda chini. Katika sekunde moja laongezewa 10, likawa na 17, na katika sekunde hiyo moja limeshuka mita 12 kamili. Basi lapiga kwa 17.

Sasa lile la kurushwa juu moja kwa moja. Latoka na 7, dunia yalipunguza, na baada ya sehemu saba za kumi za sekunde limesimama angani, mita mbili na nusu kasoro kidogo juu ya mkono. Hapo ndipo msimamizi alipoliona limepoa, na kwa kitambo kile kidogo kweli lilikuwa halina mwendo wowote. Lakini laanza kushuka, na likipita tena mbele ya mkono wa mwashi lina mwendo wa 7 ule ule, safari hii likielekea chini. Toka hapo halina tofauti yoyote na jiwe la mwashi wa hasira. Sekunde moja baadaye lapiga ardhi kwa 17. Limekawia tu: lile la kwanza lilitumia sekunde 1, hili limetumia sekunde 2 na sehemu nne za kumi. Kundi la pili walikuwa na haki waliposema kuwa limeanguka toka juu zaidi, ila walisahau kwamba lilianza kuanguka toka kusimama.

La kusukumwa mbele ndilo lililotutatiza. Lina mwendo wa 7 wa kwenda mbele, na dunia haiugusi huo, kwa maana dunia haivuti mbele. Likifika chini lina mwendo wa kushuka wa 15 na nusu, kama jiwe lililoachiwa tu. Mmoja akataka kujumlisha, apate 22 na nusu. Lakini pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba hazijumlishwi hivyo, na aliyeliona jambo hili kwanza hakuwa mwalimu, bali ni mwashi mwenyewe. Akasema, "Hiyo ni kamba yetu ya msingi." Kila mwashi ajua kuwa ukipima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, na kamba ya kukatiza ikawa futi 5 kamili, basi pembe yako ni mraba, maana 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, jumla 25, ambayo ni 5 mara 5. Akachukua kijiti akaandika mchangani: 7 mara 7 ni 49, 15 na nusu mara yenyewe ni karibu 240, jumla 289. Kisha akauliza ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe yatoa 289. Mvulana mmoja wa darasa la juu akajibu, "Kumi na saba." Mwashi akakitupa kijiti, akanyamaza.

Hapo twaona njia fupi ya kuzifanya hesabu hizi zote. Zidisha mwendo wa kwanza kwa wenyewe. Ongeza 20 kwa kila mita moja ya kimo cha kushuka. Kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe itatoa jumla hiyo. Katika hesabu hii hakuna mahali pa kuandika kama jiwe lilielekea chini, juu, mbele, au kwa mshazari. Mwalimu akifundisha jambo hili, awaulize watoto kwanza wakisie, kisha awape hesabu. Wakikisia vibaya hawatasahau kamwe.

Tena hesabu hiyo yaonyesha jambo ambalo halikututokea akilini. Mwashi wa hasira, pamoja na nguvu zake zote, aliongeza mita moja na nusu tu juu ya mwendo ambao jiwe lingekuwa nao kama angelifungulia vidole tu. Kimo ndicho kilichofanya kazi kubwa. Mkwezi akiangusha nazi toka mita 20, hufika chini kwa mita 20 kwa sekunde. Akiirusha kando kwa mwendo wa mita 5, itafika kwa 20 na nusu na kitu kidogo tu. Mzazi amwambiaye mtoto, "Usiogope, aziangusha polepole," na aende mwenyewe akasimame chini ya mnazi huo kwanza.

Lakini tusiseme kwamba upande wa kurushia si kitu. Si kitu kwa mwendo wa kupiga. Ni kitu kikubwa sana kwa mahali pa kupiga. Mawe ya mwashi wa hasira yaliangukia mguuni pa ukuta, mahali ambapo hapana apitaye. Yale ya kusukumwa mbele yalifika 10.8, ndani ya kamba. Na yale ya kurushwa mbele na juu kidogo, kwa mwinuko mdogo wa nyuzi 22 hivi, hufika karibu mita 12. Hapo ndipo mtungi ulipokuwa. Wavulana wetu hudhani kuwa ukitaka kufika mbali kabisa yakupasa urushe nusu juu nusu mbele. Ndivyo ilivyo kwa arushaye toka ardhini hadi ardhini. Lakini toka juu ya mnara ule, kwa mwendo wa 7, jiwe la namna hiyo lingefika mita 10 na nusu tu na kubaki ndani ya kamba. Ule mwinuko mdogo wa upole ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Tena jiwe lipigalo kwa mshazari haliishii pale lilipopiga, bali huruka na kuendelea mbele, kwa kuwa ule mwendo wa mbele lilikuwa nao bado.

Siku ya pili mzee mmoja, aliyekuwa askari katika ujana wake, akaleta neno zito. Akasema, "Mimi nimeona watu wakipiga bunduki juu harusini, risasi nyingi, wala hapana aliyekufa. Kwa hiyo kitu kikienda juu hufa huko huko." Hatukuweza kumpuuza, kwa kuwa hesabu zetu zingesema kuwa risasi iliyotoka kwenye mtutu kwa mita 820 kwa sekunde itarudi kwa 820, nayo hairudi hivyo. Kuna kitu tulichokiacha, nacho ni hewa. Kwa jiwe zito lenye mwendo wa 17, hewa hupunguza kidogo mno, hata hesabu haiharibiki. Lakini kadiri mwendo unavyozidi ndivyo hewa inavyokataa zaidi, na kwa risasi hewa ni kama ukuta wa maji.

Jambo hili lilijaribiwa na jeshi la Marekani mwaka 1920, majini karibu na Miami, nalo limeelezwa na afisa Julian Hatcher katika kitabu chake cha mwaka 1947. Walisimama juu ya jukwaa dogo lenye paa la chuma, wakapiga risasi zaidi ya 500 wakielekeza mtutu juu kabisa. Ni 4 tu zilizorudi kuangukia jukwaani, nyingine zikatawanywa na upepo. Zilizotoka kwa mita 820 kwa sekunde zilirudi kwa karibu mita 90 tu. Basi mzee wetu alikuwa na sehemu ya haki: kwa risasi, hewa hula sehemu kubwa. Walakini mita 90 kwa sekunde si mchezo; mita 60 huitosha risasi kupasua ngozi ya mtu. Na katika hewa upande huanza kuwa na maana hata kwa mwendo wenyewe. Risasi iliyopigwa juu kabisa husimama kileleni, kisha huanguka upya ikizuiwa na hewa. Ile iliyopigwa kwa mshazari haisimami kabisa. Hubaki imetanguliza ncha, hushika sehemu ya mwendo wake, na hushuka mbali, kwa kasi kubwa zaidi, juu ya watu wasiojua kuwa kuna harusi.

Na mkono wa mtu mwenye furaha, asimamaye katikati ya ngoma, ni nadra uelekee juu kabisa. Katika hospitali moja ya Los Angeles, toka mwaka 1985 hata 1992, madaktari walihesabu watu 118 waliopigwa na risasi zilizoanguka toka angani; 38 kati yao walikufa. Katika kisiwa cha Puerto Rico, usiku mmoja wa kuukaribisha mwaka 2004, watu 19 walijeruhiwa hivyo, na mmoja akafa. Tulipomsomea mzee hesabu hizi, alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kijiji cha pili toka ile harusi yake kilikuwa mbali kiasi gani. Hapana aliyeweza kumjibu, kwa maana harusi hiyo ilikuwa zamani.

Siku ya tatu shauri likakatwa. Msimamizi alishikilia kuwa mtungi ulikuwa na ufa. Mwashi mpole akamkatiza, naye ni mdogo kwake kwa umri na kwa kazi, jambo lililotushangaza. Akasema, "Baba, hata ungalikuwa mpya toka tanuruni. Mimi nililirusha kwa saba, likafika kwa kumi na saba. Nimeipiga hesabu mwenyewe mchangani." Kisha akamgeukia bibi, akamwomba radhi kwa ajili ya lile neno la ufa, kwanza hilo, ndipo akataja habari ya malipo. Bibi akasema radhi ameipokea, na malipo asiyatoe mwashi peke yake, kwa kuwa si yeye aliyepiga kelele jiwe lipoe. Watu wote wakamtazama msimamizi.

Mtungi mpya ulinunuliwa Jumamosi ile, nusu kwa fedha za msimamizi na nusu kwa fedha za mwashi. Mawe yaliyosalia mnarani hayakutupwa tena, bali yaliteremshwa ndani ya kapu kwa kamba na roda. Kazi ilichukua siku nne zaidi, na mwashi wa hasira alinung'unika siku zote nne, akisema kuwa mawe yake yeye hayakumvunjia mtu kitu chochote. Nasi hatukuwa na neno la kumjibu.